Kama kliniki ni bure, mbona mtoto wa dada yangu kapata chanjo zote na wangu hajapata?

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mama lishe, naishi Buza. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka miwili na nusu, mdogo ana miezi minne. Dada yangu wa tumbo moja anafanya kazi benki, anaishi Mikocheni, na tulijifungua wiki moja. Mtoto wake kapata chanjo zote za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wangu kapata ile ya wiki ya 6 tu, na BCG, ile ya kifua kikuu, hajapata kabisa, kila nikienda naambiwa leo siyo siku yake. Mimba nilianza kliniki ikiwa na miezi sita, maana niliambiwa nije na mume, na mume alikuwa Mtwara kwenye korosho. Siku ya kujifungua mtoto alizaliwa amechoka, wakampulizia hewa, tukahamishiwa hospitali kubwa. Dada ananiambia mimi ni mzembe kwa sababu huduma za mtoto chini ya miaka mitano ni bure. Naomba unijibu: ni uzembe wangu? Na je, mtoto bado anaweza kuchanjwa au ndiyo basi tena? Mkubwa naye sijui kama alimaliza.
Mama Wawili, Buza

JIBU

Marahaba, Mama Wawili.

Nianze na la mtoto, kwa sababu hilo halisubiri. Hujachelewa. Dozi aliyopata wiki ya 6 haijaharibika na haianzwi upya, hata ikipita miezi. Anaendelea pale alipoishia: dozi ya pili sasa, ya tatu baada ya wiki 4. Siku hiyohiyo anaweza kuchomwa BCG begani na sindano nyingine mapajani, wala hazigombani mwilini. Muuguzi atakuuliza majibu yako ya kipimo cha VVU ulipokuwa mjamzito, maana mtoto mwenye maambukizi ana utaratibu wake kwenye BCG. Mjibu bila kuficha. Matone ya polio na ya rota (ya kukinga kuhara) ataangalia kadi na umri, kisha atampa anayostahili. Nenda na kadi namba 1, yaani kadi yake ya kliniki. Kama imelowa au imepotea, nenda hivyohivyo, utapewa nyingine na watatafuta jina lako kwenye rejesta.

Sasa hilo la uzembe. Nimefanya kazi na akina mama wa jiji hili kwa miaka mingi, na neno hilo nalisikia kila mahali: nyumbani, kwenye daladala, na inasikitisha kusema, hata kwenye madirisha ya kliniki. Silikubali. Ukichukua barua yako ukaiweka mezani pamoja na siku za dada yako, utaona kwamba ninyi wawili hamkupewa huduma moja. Mlipewa jina moja la huduma, na kila mmoja akatozwa bei yake.

Tuanze na siku za mapumziko. Dada yako ameajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Kwa hiyo, kama likizo yake ilianza alipojifungua, kliniki ya wiki ya 6 na ya wiki ya 10 zote zilimkuta nyumbani, mshahara unaingia. Ile ya wiki ya 14 ndiyo ilimkuta amerudi kazini, na hapo alihitaji ruhusa ya asubuhi moja tu kwa bosi wake. Wewe bosi wako ni jiko. Siku usipopika, mtaji unaliwa, na wateja wa asubuhi ukiwakosa siku mbili wanahamia kwa mwingine. Sheria haijakusahau kwa makusudi. Imeandikwa kwa mtu mwenye mkataba, na mama lishe hana mkataba na mtu. Dada wa kazi za ndani kisheria ni mwajiriwa kama wengine, lakini ni wachache mno waliowahi kuonyeshwa karatasi ya ajira, wala sijui ni nyumba ngapi zinawalipa siku hizo 84.

Tuje kwenye asubuhi yenyewe. Kliniki nyingi za umma hapa Dar zinaanza kukusanya kadi mapema. Kadi zinapangwa mezani, aliyewahi kadi yake juu, aliyechelewa chini. Kunatolewa elimu ya afya kwa wote, kisha mizani: mtoto anavuliwa, anavalishwa ile suruali ya kupimia, ananing'inizwa analia, uzito unaandikwa. Kisha foleni ya dirisha la chanjo. Mtu anayetoka saa tano mchana ana bahati. Mama anayepika chai na maandazi kuanzia alfajiri anafika mapishi yakiwa yamekwisha, kadi yake inalala chini ya rundo, au anaambiwa kupima uzito kumekwisha, arudi kesho. Kwenye takwimu atahesabiwa kuwa hakuhudhuria. Alihudhuria. Saa zake na saa za kliniki ndizo hazikukutana.

Na BCG? Hapa nieleze kwa undani kidogo, maana umerudishwa mara kadhaa na pengine hujaambiwa sababu. BCG huja ikiwa unga kwenye kichupa kidogo cha dozi 20. Ikishachanganywa na maji yake, inatakiwa itumike ndani ya saa 6, kinachobaki kinamwagwa. Nimeshuhudia jambo hili mara nyingi: muuguzi anasimama mlangoni, anahesabu kwa macho vichanga waliopakatwa kwenye mabenchi, anaona watatu, anakirudisha kichupa kwenye boksi la baridi. Anajua akikifungua kwa hao watatu atamwaga dozi 17, na kwenye ripoti ya mwezi ataulizwa zimekwenda wapi. Basi anasema, njooni Jumatano. Chanjo ya surua na rubela nayo iko hivyohivyo, kichupa chake mara nyingi ni cha dozi 10, ndiyo maana mtoto wa miezi 9 pia anapangiwa siku. Chanjo za maji, kama penta (sindano moja inayokinga magonjwa matano), zina nafuu: kichupa kikifunguliwa na kutunzwa vizuri kinaweza kutumika siku nyingine, kwa hiyo hizo husikii zikiwa na "siku yake".

Muuguzi huyo si mtu mbaya. Analinda mali ya umma. Lakini angalia hasara imekwenda wapi: dozi hazikupotea stoo, zimepotea kwa mama watatu, kila mmoja na asubuhi yake, nauli yake na jiko lake lililozimwa. Mwelekeo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto aliyefika asiondoke bila chanjo anayostahili, hata kama ni kumfungulia kichupa peke yake. Mimi naukubali kabisa. Dozi ya BCG ni ya bei ndogo sana ukilinganisha na siku moja ya mama mwenye biashara ya kuokoteza. Zaidi ya hapo, BCG inamkinga mtoto mdogo na kifua kikuu kile kikali, cha kusambaa mwilini na cha utando wa ubongo. Anayeihitaji chanjo hiyo zaidi ni mtoto anayelala na watu watano chumba kimoja, dirisha moja, kikohozi cha jirani kinasikika ukutani. Mtoto wa nyumba yenye uwanja naye anaihitaji, lakini si kwa kiwango hicho. Na huyo wa uwanjani ndiye aliyechomwa kabla hajatoka hospitali.

Lile la kuambiwa uje na mume limeniuma zaidi kuliko yote. Mwongozo wa taifa unahimiza wenza waje pamoja kliniki ya kwanza, wapimwe wote VVU na kaswende, waelezwe dalili za hatari pamoja. Ni jambo jema na limeokoa watoto wengi. Lakini kuhimiza si sharti. Mjamzito hatakiwi kunyimwa huduma kwa sababu mwenzake hayupo, amekataa, amefariki au hajulikani. Kilichotokea kwenye vituo vingi ni kwamba himizo limegeuka geti: huna mume, basi kalete barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti naye huonekana jioni, au mjumbe anasema hakufahamu kwa kuwa umehamia juzi, au panatakiwa "hela ya muhuri". Mwenye mume wa ofisini anaingia naye mkono kwa mkono na kupewa nafasi ya mbele. Msichana aliyekimbiwa, ambaye ndiye aliyepaswa kuonwa wa kwanza, anazungushwa wiki nne.

Na wiki hizo zina uzito. Dawa ya SP ya kumkinga mjamzito na malaria huanza mimba ikifika miezi mitatu na ushei, kisha hurudiwa kila mwezi, angalau mara tatu. Ulipoanza miezi sita, ulikuwa umeshakosa dozi za mwanzo, na malaria ya kwenye kondo haikupi homa lazima; inamnyima mtoto chakula kimyakimya, anazaliwa na uzito mdogo. Damu yako ilikuwa haijapimwa. Kama ungekuwa na kaswende, matibabu ya mapema yangemkinga mtoto, ya kuchelewa yanaacha mwanya. Chandarua kinachotolewa kliniki hukupewa mapema. Sikuambii haya ukajilaumu. Nakuambia ili ukipata mimba nyingine, au mdogo wako akipata, mwende mara mnapojua mna mimba, na mkiambiwa "rudi na mume", mjibu kwa adabu: "Nimeelewa, nitamwambia akija. Naomba nipimwe leo." Mkikataliwa, mwombeni kumwona mganga mfawidhi wa kituo. Hiyo ni haki yenu na wala si ubishi.

Sasa tuje leba, maana umeandika sentensi moja tu juu ya mtoto kuzaliwa amechoka, na nadhani umeibeba zaidi ya hiyo sentensi.

Watu wengi wanaamini kwamba kuzaliwa mjini ni usalama, kwa sababu hospitali ziko karibu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kinyume: vifo vya watoto wachanga, yaani ndani ya siku 28 za kwanza, vilikuwa vingi zaidi mijini kuliko vijijini. Wataalamu tulishtuka, lakini mtu aliyewahi kukesha kwenye leba ya Dar hashangai sana. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani hapa. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi, na wengi wamekwenda pembezoni, Chamazi, Kivule, Chanika, Goba, Buza yenu hiyo, ambako nyumba zilitangulia na zahanati ikafuata baadaye. Vituo vya afya vimeongezwa, na vingine sasa vinafanya upasuaji. Hata hivyo, mambo yakiharibika, bado mzigo unashukia Temeke, Amana, Mwananyamala na mwishowe Muhimbili.

Fikiria mkunga mmoja usiku, akina mama sita wana uchungu. Mwongozo unamtaka asikilize mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, na kila dakika 5 mama anapofika kusukuma. Kwa mama sita ni mara kumi na mbili kwa saa, na kila mara anatakiwa ahesabu kwa dakika nzima, aandike, anawe, ahamie kwa mwingine. Mmoja wao akifika kusukuma, hawa watano wengine hawana mtu. Mapigo ya mtoto wako yakishuka katika dakika hizo, hakuna atakayeyasikia mpaka kichwa kitoke. Mtoto aliyechoka anahitaji kupuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika 1 ya kwanza. Wa kwako alipata, na hilo nashukuru sana, maana yake palikuwa na mtu aliyejua kazi yake hata katikati ya msongamano.

Tanzania inajua jinsi ya kulifanya hili. Mwaka 2009 nchi ilianza mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga apumue, na katika hospitali 8 zilizofuatiliwa, vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya vituo 30 vya kutolea huduma za afya vya mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambako wakunga walipewa vifaa bora vya kusikiliza mapigo na wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, kwa mwanasesere, badala ya semina moja ya hotelini. Vifo vya watoto vinavyotokea kuzunguka uzazi vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Dar haikuwemo kwenye mikoa hiyo mitano. Natamani sana tuwe nayo hapa, na natamani ianze Temeke na Mbagala, isianze kwenye hospitali yenye vitanda vya kutosha.

Kuna takwimu mbili ambazo ningependa kila anayepanga bajeti ya afya azione pamoja. Kati ya utafiti wa 2015-16 na ule wa 2022, vifo vya watoto chini ya miaka mitano Tanzania vimeshuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Hayo ni mafanikio makubwa, ya chanjo, vyandarua, dawa ya malaria. Katika kipindi hichohicho vifo vya siku 28 za kwanza vimetoka 25 vikafika 24. Havijasogea. Yaani mtoto akishavuka mwezi wa kwanza tunajua kumtunza. Siku zile za mwanzo, ambazo zinategemea mkunga, kitanda, oksijeni na joto la kifua cha mama, tumekwama. Na siku hizo ndizo ambazo pesa ya mzazi inaonekana zaidi. Dada yako pengine alikuwa na mkunga wake mmoja, chumba chake, na alilala hospitali siku mbili mtoto akiangaliwa. Wodi iliyojaa inaruhusu mama baada ya saa chache ili kitanda kimpokee mwingine, ingawa karibu robo tatu ya vifo vya wachanga hutokea wiki ya kwanza. Mama anapanda bajaji na mtoto aliyezaliwa saa nane zilizopita, hakuna aliyemwonyesha vizuri namna ya kumnyonyesha, hakuna atakayemtembelea siku ya tatu.

Mtoto wako alihamishiwa hospitali kubwa, kwa hiyo kuna kitu kimoja nataka ukifanye ambacho hukuuliza. Mtoto aliyezaliwa amechoka anapaswa kufuatiliwa ukuaji wake. Kwa umri wake wa miezi minne, mwangalie: anatabasamu ukimchekea? Anafuata uso wako kwa macho? Ukimshika wima, kichwa anakishikilia? Mikono anaifungua, au ngumi zimekaza muda wote? Mwili umelegea mno au umekakamaa ukimvalisha? Amewahi kupata degedege? Kama lolote kati ya haya linakutia shaka, usisubiri mtu akuambie "watoto wa kiume huchelewa". Siku ya chanjo mwambie muuguzi, uandikiwe rufaa ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke kwako ni karibu. CCBRT pale Msasani nao wanahudumia watoto wenye utindio wa ubongo. Mazoezi yakianza mapema yanambadilisha mtoto, na wenye nafasi huyaanza mapema. Watoto wa akina mama wasioelezwa nawaona wakiletwa na miaka mitatu, bado wanabebwa mgongoni. Inawezekana kabisa wako hana tatizo lolote. Ninachotaka ni aangaliwe.

Umetaja kwamba dada anasema ni bure. Anachosema ni kweli kwa sehemu. Kadi, kupima uzito, chanjo na matone ya vitamini A havilipiwi, na chanjo zilezile za Serikali hutolewa pia kwenye hospitali nyingi za binafsi na za mashirika ya dini. Sera ya nchi inawasamehe wajawazito na watoto chini ya miaka mitano malipo kwenye vituo vya umma. Lakini unajua mwenyewe orodha uliyopewa: glavu, pamba, mpira wa kulalia, wembe, kamba ya kitovu, vitenge. Dawa ikikosekana dirishani unaandikiwa karatasi ya kwenda famasi. Kipimo cha mawimbi ya sauti mara nyingi ni pesa taslimu. Dada yako alikuwa na kadi ya bima inayolipa vyote hivyo bila yeye kutoa hata shilingi mfukoni pale. Kulikuwa na Toto Afya Kadi ya mtoto kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ambayo utaratibu wake ulibadilishwa mwaka 2023 na wazazi wengi wakabaki njia panda. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila niseme wazi: bima italipa bili, haitaongeza mkunga usiku wala haitafungua kliniki Jumamosi.

Na Jumamosi ndipo penye jibu, kwa maoni yangu. Mwaka 2022, baada ya polio kuonekana Malawi, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba nchi nzima na maboksi ya baridi mabegani, wakiweka alama kwenye kidole cha mtoto na kwenye mlango. Nina hakika walifika na kwenu Buza. Hakuna mama aliyeitwa mzembe wiki ile, kwa sababu huduma ndiyo iliyotembea. Kwa nini penta ya kawaida isikae Tandika sokoni Jumapili asubuhi, au Mbagala Rangi Tatu stendi jioni? Kwa nini kliniki za kata zenye watu wengi zisiwe na zamu ya saa tisa hadi saa kumi na mbili, hata mara mbili kwa wiki? Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kuwafikisha 137,294 ndani ya miaka mitano. Wanapopangwa, ningewapa kwanza mitaa ya wapangaji, ambako mama anahama chumba kila baada ya miezi sita na kila akihama jina lake linabaki kwenye rejesta ya kliniki aliyoiacha.

Lakini mtoto wako hawezi kungoja sera. Kwa hiyo fanya hivi. Leo au kesho piga simu au mtume mtu aulize kituo chako BCG ni siku gani wiki hii, na uliza pia kituo kingine cha jirani. Hufungwi na ulikoandikishwa, kadi namba 1 inapokelewa popote nchini. Ukipata siku, fika mapema na useme mapema, kabla hata ya mizani: "Mtoto wangu ana miezi minne, hana BCG, na anadaiwa dozi ya pili. Nimeshaambiwa nirudi mara kadhaa." Muuguzi anayesikia hivyo anapanga kichupa chake. Kama utarudishwa tena, mwone mganga mfawidhi siku hiyohiyo, na kama hapatikani, ofisi ya Mganga Mkuu wa Manispaa ya Temeke ina mratibu wa chanjo ambaye kazi yake ni hiyo. Ukikwama kwa gharama ya matibabu, ulizia afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Msamaha unapitia kwake. Kwa dharura ya mjamzito, ya mama aliyejifungua au ya mtoto mchanga, namba ya usafiri wa m-mama ni 115, haikatwi salio, na gari halilipiwi.

Mtoto mchanga ndani ya miezi miwili ya kwanza akiacha kunyonya, akipumua haraka kwa kufikisha mara 60 au zaidi kwa dakika, mbavu zikiingia ndani, akiwa wa moto au wa baridi, akiwa na degedege, au kitovu kikiwa chekundu kikitoa usaha, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Waambie hivyo na majirani zako wenye vichanga.

Kwa dada yako, naomba umsomee jibu hili. Hajakosea kumpenda mtoto wako. Amekosa kuona tofauti ya siku zenu. Yeye ana kitu ambacho mimi na Wizara hatuwezi kukupa wiki hii, nacho ni mapato ya asubuhi moja. Siku ya kliniki ya dozi ya pili na ile ya tatu, akufidie mauzo ya siku hiyo, au atume mtu akushikie jiko. Ndugu wengi hapa mjini wanachangiana harusi na arobaini. Waichangie na wiki ya 14.

Mkubwa wako wa miaka miwili na nusu: fungua kadi yake, tafuta mstari wa surua-rubela. Panatakiwa tarehe mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo inayoachwa zaidi, kwa sababu mtoto anatembea, ana afya, na mama ameshapata mwingine tumboni. Kama haipo, mpeleke siku moja na mdogo wake, bado anachanjwa. Muulizie pia vitamini A na dawa ya minyoo, anastahili kila baada ya miezi sita mpaka afike miaka mitano. Kwa kawaida hutolewa kwa wingi mwezi wa 6 na wa 12, ila kliniki wanayo mwaka mzima.